Tukate Lini? Somo la Brokoli na Swali la Subira

 

Msimu huu familia nyingi hapa katika makazi yetu, nchini Uganda, zimepanda brokoli kwa mara ya kwanza. Wengine walipata mbegu kwenye mafunzo ya bustani za jikoni, wengine walinunua miche kwa majirani wenyeji. Nyumbani kwetu Kongo tulizoea shu, lengalenga, sombe na majani ya maboga. Brokoli, kama tuliiona, ilikuwa kwenye sahani ya mgeni. Leo imesimama kando ya milango yetu, na wamama wanatuuliza kila juma: Pastor, hii kitu tunakata lini?

Ni swali la jikoni, lakini tukilitazama vizuri ni swali la maadili pia. Kila anayekata ametoa hukumu kwamba imetosha. Kila anayeacha ametoa hukumu kwamba bado. Tena watu hawakati wala hawaachi kwa sababu moja. Kuna anayekata mapema kwa njaa. Kuna anayekata kwa kuogopa wezi. Kuna anayeacha kwa sababu anataka iwe kubwa kuliko ya jirani, na kuna anayeacha kwa sababu tu hakwenda kuangalia. Methali zetu nazo zinagombana. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee wetu walitufundisha zote mbili, wala hawakutuambia ni siku gani tufuate ipi.

Basi tuanze na mmea wenyewe, halafu turudi kwetu sisi wanadamu.

Tunakula ua lisilofunguka

Brokoli ni ndugu wa shu, wa koliflawa na wa sukuma wiki. Wataalamu wa mimea wanaihesabu yote kuwa aina moja, ambayo wakulima waliitenga polepole kwa kuchagua mbegu, kizazi hata kizazi. Brokoli ilitokea pande za bahari ya Mediterania, hasa Italia, na jina lake ni la Kiitaliano, lenye maana ya chipukizi.

Kwa shu tunakula majani yaliyojifunga. Kwa brokoli tunakula vitumba, yaani maua ambayo bado hayajafunguka. Kile kichwa cha kijani tunachokiona ni vitumba vingi sana vilivyobanana pamoja. Na hapo ndipo ugumu ulipo. Muhogo unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukitungoja. Hindi likikauka shambani bado ni chakula. Lakini kitumba kina safari yake. Kinataka kufunguka, kiite nyuki, kitoe mbegu. Brokoli haijui kwamba tuna sufuria motoni. Tukichelewa, yenyewe inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo hatuhesabu siku peke yake. Tangu kuhamisha miche hadi kukata, aina za haraka huchukua kama siku 50, na za polepole hufika hata siku 100. Jirani yako akikata leo, hiyo si amri kwako. Wala hatupimi ukubwa peke yake. Kichwa kizuri mara nyingi huwa na upana wa sentimita 10 hadi 20, lakini kile cha 10 na kile cha 20 vinaweza kuwa tayari siku moja.

Tunachoangalia ni vitumba, hasa vile vya ukingoni. Vikifikia ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, vikiwa bado vimebanana, kichwa ni kigumu mkononi na rangi yake ni kijani kilichokolea, wakati umefika. Ukiona vitumba vinaanza kuachana na kichwa kinalegea, usiseme kitaongezeka. Kata. Ukiona rangi ya njano inachungulia, hayo ni maua yanafunguka. Usingoje hata jioni. Maua hayo si sumu, na anayeyala hapati madhara, ila ladha huwa kali na mabua huanza kuwa magumu.

Tukumbuke pia kwamba brokoli ni mboga ya baridi. Hupenda hewa ya nyuzi kati ya 15 na 20 hivi. Jua letu hapa likiwaka, kichwa kilichobanana leo kinaweza kulegea baada ya siku mbili tatu. Kwa hiyo kichwa kikishaonekana, bustani hutembelewa kila siku.

Kata asubuhi mapema, kabla jua halijapata nguvu, kwa kisu kikali, ukiacha bua la sentimita 12 hadi 15 chini ya kichwa. Kata mshazari ili maji ya mvua yasikae juu ya shina na kuliozesha. Usiing'oe. Pale jani linaposhikana na shina hutoka machipukizi ya pembeni, nayo hutoa vichwa vidogo kwa majuma kadhaa. Majani nayo yanapikwa kama sukuma wiki. Kichwa ukishakikata kiweke kivulini na kukifunika kwa kitambaa chenye unyevu, maana brokoli huendelea kupumua kwa nguvu hata baada ya kukatwa, na kwenye joto hugeuka njano upesi. Kabla ya kupika, iloweke kwenye maji ya chumvi kama nusu saa ili viwavi waliojificha ndani watoke.

Je, mwenye njaa ana haraka?

Sasa tuje kwenye hukumu. Mama mmoja alikata vichwa vinne vikiwa havijazidi ngumi ya mtoto. Mwenzake akamwambia mbele ya watu kwamba hana subira. Maneno haya yalizunguka mpaka yakatufikia, na tunafikiri yafaa kuyajibu, kwa sababu nyumba nyingi zina jambo hilo hilo.

Hasara ipo, wala hatuifichi. Kichwa chenye upana wa sentimita 6 kikiachwa mpaka kifike 12, eneo lake huwa mara nne, si mara mbili. Anayekata mapema anatupa chakula ambacho kingekuja bila kazi nyingine isipokuwa maji. Lakini mtoto hali brokoli ya juma lijalo. Tunajua wote jinsi mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulivyopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na jinsi mambo yalivyozidi kubana miaka iliyofuata. Aliyeshiba hana haki ya kumhubiri mwenye njaa juu ya subira. Hiyo ni subira ya kumtumia mwenzako.

Mama yule aliangalia mmea, akaangalia watoto, akachagua. Huko si kukurupuka. Kukurupuka ni kukata bila kuangalia. Tunachoweza kumsaidia ni ujuzi: kwamba angeweza kuchuma kwanza majani machache ya chini, akaacha ya juu yalishe kichwa, akapata mboga ya leo na mboga ya juma lijalo. Na tunachoweza kumsaidia zaidi ni sahani. Kama jirani yake ana akiba, subira ya yule mama inaanzia kwenye chungu cha jirani.

Hili ni kweli pia kwa anayekata kwa hofu. Watu wengi wanatuambia, tungengoja, lakini usiku si wetu. Tukiacha, watakata wengine. Na wengine wanasema, si wezi, ni mbuzi wa jirani. Basi tuseme wazi: mahali ambapo hakuna uaminifu, hakuna zao litakaloiva. Kila mtu atakata kikiwa kichanga, na wote tutakula kidogo kuliko tulivyopanda. Subira ya mtu mmoja inategemea tabia ya jirani zake. Anayetaka kuwafundisha wengine kungoja, aanze kwa kufunga mbuzi wake kamba.

Anayengoja kubwa

Upande wa pili yuko anayengoja mno. Mara nyingi anasifiwa, kwa sababu kungoja kunaonekana kama utakatifu. Lakini tumuulize: unangoja nini? Akisema, nataka iwe kama ile ya picha kwenye pakiti ya mbegu, hapo tuna wasiwasi naye.

Kuna jambo ambalo wakulima wa brokoli wanalijua. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi, au uliopata ukame, au uliopandwa kwenye udongo uliochoka, mara nyingine hutoa kichwa mapema, kidogo kama kifungo cha koti. Kichwa hicho hakitakua kikubwa. Mwenye bustani anakisubiri akidhani kimechelewa, kumbe kimemaliza. Siku ya kumi anakuta maua ya njano. Kilikuwa chakula, kidogo lakini kamili, naye amekikosa kwa sababu alikipima kwa picha ya mmea ambao haukupata shida.

Hapo hatuzungumzii subira tena. Ni kiburi, au pengine ni huzuni tu, ya kutokukubali kwamba mwaka huu ni mdogo. Mmea ulioteseka ukitoa kidogo, tuchukue kidogo hicho kwa shukrani, tusiudharau.

Na yuko yule wa mwisho, aliyeacha kwa sababu hakwenda kuangalia. Akiulizwa, anasema, nilikuwa nangoja wakati wa Mungu. Tuwe waangalifu na neno hilo. Uvivu ukivaa nguo ya subira, majirani hawautambui, lakini brokoli inautambua.

Ni nani anayetoa ruhusa?

Tulipokuwa chuo cha Biblia, tulifundishwa kwamba Kiyunani kina maneno mawili ya wakati. Khronos ni wakati unaohesabika, wa siku na miezi. Kairos ni wakati unaofaa, wakati wa jambo lenyewe. Kalenda inajua khronos. Kairos haimo kwenye kalenda. Ni lazima uiangalie katika kitu chenyewe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, upo mfano wa mtu aliyepanda mbegu. Analala na kuamka, mbegu inakua, yeye hajui namna gani. Kisha, zao linapokuwa tayari, anapeleka mundu mara moja. Kwenye mstari wa 29, kitenzi kilichotumika kwa zao kina maana ya kutoa, kukabidhi au kuruhusu. Ni kana kwamba zao lenyewe linamkabidhi mkulima ruhusa. Angalieni sehemu zote mbili za mfano. Mtu yule hakuvuta mmea ili ukue, aliweza kulala. Lakini ruhusa ilipotoka, hakuchelewa hata kidogo. Subira yake na wepesi wake vilitoka mahali pamoja: alikuwa anaangalia.

Ndiyo maana Maandiko yanamsifu Yosefu aliyeweka akiba ya nafaka Misri kwa miaka saba, na tena yanaonyesha mana ikioza kwa wale walioiweka mpaka asubuhi. Kuweka ni kule kule. Kilichotofautiana ni kitu chenyewe pamoja na neno walilopewa juu yake. Nafaka ina wakati wake na mana ina wakati wake. Asiyetofautisha, hata akiwa mwaminifu, atakuwa na funza nyumbani.

Kwa hiyo methali zetu mbili hazigombani. Subira huvuta heri kwa kitu ambacho bado kinaendelea. Ngoja ngoja huumiza matumbo kwa kitu ambacho kimekwisha kutoa ruhusa. Wazee walituachia zote mbili ili macho yetu yafanye kazi ya kuchagua.

Mahali ambapo mfano unafika mwisho

Ndugu zetu, maisha ya ukimbizi yanatufundisha kungoja kuliko watu wengine. Tunangoja mgao, tunangoja kuitwa jina, tunangoja kesi ya kwenda nchi ya tatu, tunangoja habari za amani nyumbani. Hatumlaumu anayengoja. Lakini tumeona watu wawili wanaongoja barua moja. Mmoja anangoja huku amepanda, watoto wako shuleni, choo kimejengwa. Mwingine hajapanda kitu kwa sababu barua inaweza kufika kesho. Miaka inapita, na vitumba vya maisha yake vinafunguka kimoja kimoja bila mtu wa kuviona. Wote wawili wana tumaini. Mmoja tu ndiye anayeangalia.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mfano wa bustani haufai, nasi tunapasema bila kuzunguka. Tumesikia baba akisema juu ya binti yake wa miaka 15 kwamba ameiva, na kwamba mahari itasaidia wadogo zake. Njaa ya nyumba ile ni ya kweli, kama ya yule mama wa vichwa vinne. Lakini brokoli iliyokatwa ikiwa changa itachipua pembeni. Utoto uliokatwa hauchipui. Zaidi ya hapo, brokoli tuliipanda ili tuile. Binti hatukumpata ili tumle. Kwake yeye swali la kukata lini halipo kabisa, iwe leo, iwe baada ya miaka mitatu. Sheria ya Uganda imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, na hata akiufikia, ruhusa iko mikononi mwake, haimo kwenye chungu chetu. Anayeona njaa inamsukuma huko, aje kwa wazee wa kanisa au kwa wamama mashemasi kabla hajapokea kitu cha mtu. Hatuahidi mengi, lakini tutakaa naye tutafute njia pamoja.

Kwa wale wanaouza, tuongeze neno. Brokoli iliyoanza kufunguka inaweza kuuzwa kwa haki, kwa bei ya chini, kwa mtu aliyeiona. Kuiweka chini ya fungu na kufunika kwa nzuri, au kuinyunyizia maji ili njano isionekane, ni kumlipisha mwenzako kwa siku ambazo wewe ulichelewa.

Basi wapendwa, tusiulizane tena nani ana subira na nani hana. Tuulizane nani ameangalia. Kesho kabla jua halijawa kali, nenda bustanini ukiwa na kisu mkononi. Gusa kichwa, tazama vitumba vya ukingoni. Kama vimebanana na bado ni vidogo kuliko njiti ya kiberiti, rudi na kisu chako nyumbani, ukachume majani mawili matatu ya chini. Kama vimefika, kata, hata kama jirani hajakata, hata kama kichwa si kikubwa. Shina uliache. Na chipukizi za kwanza zikitoka, mpelekee yule ambaye bustani yake ililiwa na mbuzi.

Mungu wa amani atupe macho ya kuona na mikono iliyo tayari. Amina.